Moshi wa Moto wa Milimani: Toa Jiko Kwanza, Ndipo Ufunge Dirisha

PANAPOFUKA moshi hapakosi moto. Hivyo ndivyo walivyotufunza wazee, na kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa na sababu ya kubishana nao. Lakini siku hizi, mpenzi msomaji, unaweza kuamka asubuhi ukakuta moshi umetanda mtaani, nguo ulizoacha kwenye kamba zimejaa vipande vya majivu, na moto wenyewe uko mbali kiasi kwamba huuoni hata ukipanda juu ya paa.

Wanaoishi chini ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare wanayajua haya vizuri. Kiangazi cha Januari hadi Machi kikiwa kikali, nyasi na vichaka vya huko juu hukauka kama karatasi. Mnamo Machi 2012, na tena Februari 2019, moto ulichoma sehemu za Mlima Kenya. Februari 2022 ikawa zamu ya Aberdare. Ng'ambo ya mpaka, Kilimanjaro iliwaka Oktoba 2020 na ikawaka tena Oktoba 2022.

Kila moto wa aina hii unapozuka, habari tunazopata ni za hekta zilizoungua na watu waliojitolea kupanda mlima kwenda kuuzima. Ni nadra kusikia habari za mzee aliye mjini chini ya mlima, anayekohoa usiku kucha, au za mtoto mwenye pumu ambaye amekosa usingizi siku tatu mfululizo. Makala haya ni kwa ajili yao na wale wanaowauguza.

Kwanza tuondoe dhana kwamba moshi hudhuru tu wale walio karibu na moto. Juni 2023, misitu ya jimbo la Quebec nchini Canada ilikuwa ikiwaka. Upepo ukausukuma moshi kusini mamia ya kilomita hadi jiji la New York, Marekani. Mnamo Juni 7 anga ya jiji hilo iligeuka rangi ya machungwa mchana. Kipimo cha uchafu wa hewa kinachotumiwa huko, ambacho kikipita 300 hewa huitwa ya hatari, kilipita 400. Michezo iliahirishwa, ndege zikacheleweshwa, na waliokimbilia hospitali kwa sababu ya pumu wakaongezeka. Huenda wewe pia ulitumiwa picha na jamaa aliye huko. Hakuna mti hata mmoja uliokuwa ukiwaka New York.

Na tusidhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Katika eneo lote linaloungua duniani kila mwaka, theluthi mbili hivi huwa ni hapa Afrika, hasa kwenye nyika na mbuga zinazochomwa wakati wa kiangazi. Mwaka 2012 watafiti walioongozwa na Fay Johnston wa Australia walikadiria kwamba moshi wa mioto ya nyika na misitu husababisha vifo 339,000 duniani kwa mwaka, na kati ya hivyo 157,000 ni vya nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara. Utafiti mwingine uliotolewa na jarida la Lancet mwaka 2024 ulitaja idadi kubwa zaidi, zaidi ya milioni 1.5 kwa mwaka kati ya 2000 na 2019. Tofauti hiyo inatokana na mbinu za kukadiria, na hakuna cheti cha kifo kinachoandikwa "moshi". Lakini watafiti wote hao wanakubaliana kuhusu jambo moja, kwamba bara letu linabeba sehemu kubwa ya mzigo huu.

Kilichomo ndani ya moshi

Moshi si kitu kimoja. Ndani yake mna mvuke, gesi mbalimbali, na chembe ndogo mno za masizi na kemikali za mimea iliyoungua. Hizo chembe ndizo zinazowatia madaktari wasiwasi zaidi. Wataalamu huziita PM2.5, yaani chembe zisizozidi upana wa maikromita mbili na nusu. Ukichukua unywele mmoja wa kichwani, utahitaji kupanga chembe kama 30 sambamba ndipo ulingane na upana wake.

Vumbi la kawaida la barabarani huwa kubwa kuliko hizo. Mengi yake hunaswa na nywele za puani na ute wa kooni, nawe ukalipenga au ukalikohoa likatoka. Chembe ndogo za moshi hupita vizuizi hivyo vyote. Huteremka hadi kwenye vifuko vidogo vya hewa vilivyo mwisho wa mapafu, mahali ambapo hewa safi huingia katika damu. Zikifika hapo mwili huzipokea kama adui. Sehemu hiyo huvimba na kuwasha, njia za hewa hubana, na chembe nyingine ndogo zaidi huweza kupenya na kuingia kwenye damu yenyewe.

Ndiyo sababu madhara ya moshi hayaishii kifuani. Damu huwa rahisi zaidi kuganda na mishipa hukaza. Mtu ambaye tayari ana presha au ugonjwa wa moyo anaweza kupatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi siku ya moshi mzito, na watu wa nyumbani wasifikirie kamwe kwamba moshi ulihusika.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishusha kiwango cha chembe hizi kinachopendekezwa. Sasa linasema hewa isizidi maikrogramu 15 za PM2.5 kwa kila mita moja ya ujazo kwa wastani wa saa 24, na 5 kwa wastani wa mwaka mzima. Hapo awali viwango hivyo vilikuwa 25 na 10. Mkazi wa jiji lenye matatu zinazofuka moshi mweusi na takataka zinazochomwa kila kona huwa tayari ameuzidi wastani huo kabla ya mlima kuwaka. Moshi wa msitu humkuta akiwa na mzigo mwingine begani.

Moto unaofukuta ni mbaya kwa njia yake. Huenda ukaambiwa redioni kwamba moto umedhibitiwa, ukashangaa kuona moshi umezidi. Miale mikubwa inapozimika, mizizi, magogo na udongo wenye majani yaliyooza huendelea kufukuta kwa siku nyingi. Kwa kila kilo ya kuni, moto unaofukuta hutoa chembe nyingi kuliko moto unaowaka kwa miale. Yeyote aliyewahi kuwasha jiko kwa kuni mbichi anaelewa.

Saa mbaya za siku

Usiku ardhi hupoa, na hewa iliyo karibu nayo hupoa pia ikawa nzito. Hewa hiyo huteremka kutoka milimani ikifuata mabonde, ikibeba moshi, kisha hutulia juu ya miji iliyo chini kama maziwa yaliyomwagwa kwenye sahani. Jua likishapanda vizuri ardhi hupata joto, hewa huinuka, na moshi hupungua. Kwa hivyo mara nyingi saa mbaya ni za usiku wa manane hadi asubuhi, na saa nafuu ni za alasiri.

Sasa angalia ratiba yetu. Saa kumi na mbili alfajiri mtoto wa shule yuko njiani, akitembea upesi kwa kuchelea adhabu. Mtoto huyo huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wa mwili wake, na mapafu yake bado yanakua. Kama kuna walimu wakuu wanaosoma ukurasa huu, ningewaomba wafikirie jambo hili mlima ukiwaka. Kuchelewesha kengele kwa saa mbili na kufuta mchezo wa mbio siku hiyo hakugharimu shilingi hata moja. Mtu mzima aliyetulia huvuta lita sita hadi nane za hewa kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu anaweza kupita lita 50, na chembe huingia kwa kipimo hicho hicho.

Utajuaje moshi ni mzito kiasi gani ikiwa huna kifaa cha kupimia? Kuna ramani za hewa kwenye simu, ila huenda kifaa kilicho karibu nawe kiko mji mwingine kabisa. Tumia macho. Chagua kitu ambacho unajua umbali wake, kama vile kilima, mnara wa simu au jengo refu. Katika jimbo la New Mexico, Marekani, watu hufunzwa kipimo hiki: ikiwa huoni zaidi ya kilomita nane, watoto, wazee, waja wazito na wenye magonjwa ya moyo au mapafu wapunguze kukaa nje. Kuona kukifikia kilomita tano hivi, watu hao wasitoke kabisa. Kukiwa chini ya kilomita moja na nusu, kila mtu abaki ndani. Kipimo hiki hakifai usiku, wala asubuhi za ukungu kama zile za Limuru. Ukungu hauna harufu wala haukwaruzi koo, kwa hivyo pua yako itakusaidia kuutofautisha na moshi.

Jiko lililo ndani

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Ukitafuta ushauri kuhusu moshi wa misitu, utaambiwa: ingia ndani, funga milango na madirisha, ukae humo. Ushauri huo umeandikiwa watu wanaopika kwa stima au gesi, wenye madirisha yanayofunga sawasawa na mashine za kuchuja hewa. Ukiuchukua ulivyo na kuupeleka kwenye chumba kimoja cha kupanga, chenye jiko la makaa kando ya kitanda, unaweza kuua familia nzima kabla ya asubuhi.

Makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, wala haikohozi mtu. Huingia kwenye damu na kukamata nafasi ya oksijeni. Kichwa huanza kuuma, kichefuchefu kikafuata, kisha usingizi mzito. Kila msimu wa baridi tunasoma magazetini habari za watu waliolala na jiko chumbani wasiamke. Moshi wa mlimani utakufanya ukohoe, lakini utakupa nafasi ya kutafuta msaada. Kaboni monoksidi haitoi nafasi hiyo.

Kwa hivyo fuata utaratibu huu. Maadamu jiko la makaa, la kuni au stovu ya mafuta taa linawaka ndani, dirisha na mlango viwe wazi, hata kama nje kuna moshi. Likishazimika, litoe nje kabisa pamoja na makaa yake, kwa kuwa makaa yaliyofunikwa na majivu bado hutoa gesi. Ndipo ufunge.

Kama una mtungi wa gesi, hizi ndizo siku za kuutumia hata kama umezoea kuuwekea akiba. Kama huna, pikia nje chini ya ukingo wa paa, na upike alasiri hewa ikiwa nafuu. Acha githeri na maharagwe mabichi kwa wiki hiyo, upike vyakula visivyokaa motoni saa tatu. Usichome udi wala dawa ya mbu ya kuwasha, na mvuta sigara atoke nje. Koroboi nayo hutoa masizi, kwa hivyo kama kuna taa ya sola au tochi, tumia hiyo.

Ukishatoa kila kitu kinachowaka, chagua chumba kimoja chenye mianya michache, hasa cha kulala. Weka taulo mbichi chini ya mlango na uzibe nafasi kati ya ukuta na mabati kwa matambara. Usifagie, kwani kufagia hurusha tena chembe zilizokwisha kutua. Piga deki kwa kitambaa chenye maji. Alasiri ukiona nje kumetakata, fungua madirisha yote, hewa iliyozeeka itoke. Na ikiwa nyumba yenyewe ni ya mabati matupu na joto la mchana halivumiliki, usijifungie humo. Heri umpeleke mgonjwa au mtoto mchanga kwa jamaa anayeishi upande ambao upepo haupelekei moshi, hata kwa siku mbili tatu.

Leso, barakoa na maziwa

Wengi hufunga leso iliyolowa maji puani. Leso huzuia majivu makubwa na hupunguza ukali wa joto, lakini zile chembe ndogo tulizozitaja hupita katikati ya nyuzi zake kama mbu anavyopita kwenye uzio wa seng'enge. Barakoa za kitambaa tulizoshona wakati wa corona hazina tofauti kubwa na leso. Zile za bluu za hospitalini ni afadhali kidogo, ila hewa huingilia pembeni.

Inayofaa ni barakoa ya aina ya N95, KN95 au FFP2, ikikaza vizuri usoni na kwenye daraja la pua. Mwenye ndevu nyingi hatafaidika sana, kwani hewa hupitia kwenye ndevu. Unaweza kuitumia barakoa hiyo hiyo zaidi ya siku moja, lakini usiifue. Ikichafuka, ikilegea au kupumua kukiwa kugumu, itupe. Mtoto wa chini ya miaka miwili asivalishwe barakoa, na mkubwa kidogo asipewe ya mtu mzima ambayo haimkai. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu akiona inamzidishia shida ya kupumua, aivue.

Kuhusu maziwa, najua kuna watakaonikasirikia. Wako wanaoamini kwamba bilauri moja ya maziwa huosha moshi kifuani. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hupitia kwenye umio hadi tumboni, na hayafiki kwenye mapafu. Kunywa maji kwa wingi husaidia kulainisha koo. Ukinywa maziwa kwa kuwa unayapenda, ni sawa, mradi usiyanywe badala ya kwenda hospitali.

Mwenye pumu nyumbani

Usingoje moshi ufike ndipo uanze kutafuta dawa. Angalia leo kama inhela yako bado ina dawa na tarehe yake haijapita. Kama daktari alikupa inhela mbili, ile ya kinga inayotumiwa kila siku usiiache kwa sababu unajisikia vizuri. Watu wa presha na moyo nao wasiruke vidonge vyao hata siku moja.

Watoto wengi hushindwa kutumia inhela kwa sababu dawa hubaki mdomoni. Kuna kifaa cha kuishikilia dawa ili mtoto aivute polepole, lakini dukani bei yake huwashinda wazazi wengi. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 inaweza kufanya kazi hiyo kama kile cha dukani. Chupa safi na kavu hutobolewa sehemu ya chini kwa waya uliopashwa moto, tundu lilingane barabara na mdomo wa inhela, kisha inhela ikaingizwa na pembeni kuzibwa kwa gundi. Mtoto huvutia upande wa mdomo wa chupa. Mwombe muuguzi wa zahanati iliyo karibu akuonyeshe mara ya kwanza.

Pumu ikimshika mtu, mkalishe wima, usimlaze. Mpe ile inhela ya kufungua kifua, pumzi moja ya dawa kwa wakati mmoja kupitia kwenye chupa, avute mara kadhaa kabla ya nyingine. Akifika pumzi kumi bila nafuu, mnapaswa kuwa njiani kwenda hospitali.

Usisubiri hata kidogo ukiona mtu hawezi kumaliza sentensi moja bila kutweta, midomo imekuwa ya kijivu au ya samawati, anasikia maumivu yanayobana kifua, upande mmoja wa mwili umelegea, au anachanganyikiwa. Kwa mtoto mchanga, tazama kifua chini ya mbavu. Kama kinabonyea ndani kila anapovuta hewa, au amekataa kunyonya, huo si wakati wa kumpaka mafuta ya kifua. Mama mjamzito anayetweta akiwa amekaa naye aende akaonwe, kwani moshi umehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo.

Moto ukishazimwa

Majivu yatabaki juu ya paa. Ikiwa unavuna maji ya mvua, ondoa mfereji unaoingia kwenye tangi na usiurudishe hadi mvua ya kwanza iwe imelisafisha paa vizuri. Unapoosha ua, nyunyiza maji kwanza, na watoto wasichezee majivu hayo.

Macho yanayowasha na koo linalokwaruza hupoa kwa kawaida siku chache baada ya hewa kutakata. Kikohozi huweza kuchukua muda zaidi kidogo. Lakini kikipita wiki mbili, au kikiandamana na jasho la usiku, kupungua uzito au makohozi yenye damu, usiendelee kuulaumu mlima. Nenda ukapimwe kifua kikuu. Vipimo na dawa zake hutolewa bure katika hospitali na vituo vya afya vya serikali, na wapo wanaoambukiza familia zao kwa miezi mingi huku wakisema ni moshi tu.